Aibu Ndiyo Dalali Wao


Umehama chumba, umebadili laini, bado mdai kakupata. Uchawi? Hata kidogo. Siku ile ulipokopa elfu hamsini kwa simu ulibonyeza "Ruhusu" bila kusoma, programu ikazoa majina yote ya simuni: bosi, mkweo, hata fundi viatu. Ukichelewa kulipa, hao ndio wanaotumiwa ujumbe kwamba wewe tapeli.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zisizo na leseni. Sawa, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022! Waheshimiwa walikuwa wapi wenzetu wakiaibishwa?

Deni lipa. Ila mkweo hakukopa. Akisumbuliwa, tunza ujumbe huo, upeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.