MSHAHARA TULIOUPIGANIA UNAKWENDA WAPI?

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama siku ya mafunzo ya tawi



Nimeombwa niseme juu ya ubepari, wema wake na ubaya wake, na juu ya tabia hii ya siku hizi ya kununua na kununua tena. Wako wasemaji wanaotuambia ubepari ni shetani mtupu, na wako wanaotuambia bila ubepari tungali tukitembea miguu mitupu. Mimi nitaliweka jambo hili katika mizani, mema upande mmoja na mabaya upande wa pili, kisha tutazame mfukoni mwa mfanya kazi kumebaki nini.

Tuanze na mema, kwa kuwa mtu wa haki humpa hata mshindani wake haki yake.

Katika mpango wa ubepari, viwanda, mashamba na fedha ni mali ya watu binafsi au makampuni, nao huajiri wengine kwa mshahara ili wapate faida. Faida hiyo ndiyo inayowanyima usingizi wakitafuta namna ya kutengeneza vitu vingi zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Henry Ford, tajiri wa motokaa huko Marekani, alianza kuuza gari lake la Model T mwaka 1908 kwa dola 850. Alipopanga kazi ipite mbele ya mfanya kazi juu ya ukanda unaotembea, bei ilishuka mpaka katika miaka ya 1920 ikawa chini ya dola 300. Mwezi wa Januari 1914 alitangaza mshahara wa dola 5 kwa siku ya saa 8, karibu mara mbili ya ule wa kwanza. Hakufanya hivyo kwa huruma. Kazi ya ukanda ilikuwa ya kuchosha mno, watu walikuwa wakiiacha ovyo, naye alitaka wakae. Hata hivyo, fundi wa gari akaanza kuweza kununua gari.

Na hapa kwetu? Zamani mtu wa Mombasa akitaka kumpelekea mama yake fedha Kisii, alimpa kondakta wa basi au rafiki anayekwenda likizo. Mara nyingine zilifika nusu, mara nyingine hazikufika. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, fedha hufika kabla chai haijapoa. Kampuni imepata faida kubwa, nasi tumepata nafuu kubwa. Yote mawili ni kweli.

Tena, anayefikiri kwamba ukimwondoa mfanya biashara vitu vitajaa dukani vyenyewe, na awaulize jirani zetu wa Tanzania waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bei zilikuwa zimepangwa na Serikali, lakini sukari na sabuni zilipatikana kwa foleni ndefu au kwa mlango wa nyuma. Vita, ukame na bei ya mafuta vilichangia, lakini mpango wenyewe pia ulikuwa na kasoro. Bei nzuri iliyoandikwa ubaoni haioshi nguo.

Sasa, ndugu zangu, wako watakaosema dawa ya mambo haya ni mfanya kazi apunguze tamaa. Tafadhali tusiyakubali maneno hayo upesi, maana tumeyasikia zamani. Wakati wa ukoloni walisema Mwafrika hana haja nyingi: mpe blanketi, posho na nafasi ya kulala, na ukimwongeza mshahara ataacha kazi arudi kwao. Kwa hesabu hiyo walilipa mshahara wa kapera, kana kwamba mke na watoto hawali. Wafanya kazi wa Mombasa walipogoma tarehe 13 Januari 1947, bei za vitu zilikuwa zimepanda na mishahara imekaa pale pale. Chege Kibachia, aliyewaongoza, alikamatwa mwaka ule ule akahamishwa mbali, Baringo. Miaka saba baadaye, ripoti ya Kamati ya Carpenter ya 1954 ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini walioajiriwa na makampuni na watu binafsi walikuwa wakipata mshahara usiotosha mahitaji yao ya lazima. Basi viatu vya mtoto, godoro, redio na simu ni sehemu ya mambo ambayo vyama vya wafanya kazi vilipigania. Kutaka kuishi vizuri si kosa.

Kosa liko wapi? Nitataja mambo matatu.

La kwanza, ubepari humvuna mfanya kazi mara mbili. Tajiri wa kiwanda anamwona kama gharama, kwa hiyo anataka alipwe kidogo. Mwenye duka anamwona kama mnunuzi, kwa hiyo anataka atumie sana. Mtu yule yule mmoja alipwe kidogo na atumie sana, jambo hili litawezekanaje? Jibu lao ni moja: mkopo. Huko Marekani kampuni ya General Motors, iliyokuwa ikishindana na Ford, ilifungua kampuni yake ya kukopesha wanunuzi mwaka 1919, ikauza gari leo na malipo yakafuata kila mwezi. Kwetu tunaita lipa mdogo mdogo. Utaona televisheni dukani ina bei mbili, ya taslimu na ya kulipa kidogo kidogo. Toa ile ndogo katika ile kubwa. Kinachobaki ndicho ulichonunua pamoja na televisheni, nacho huwezi kukitazama.

La pili, vitu vingine havidumu, na si kwa bahati mbaya. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu za umeme yalipatana huko Geneva, katika umoja ulioitwa Phoebus, kwamba balbu isidumu zaidi ya saa 1,000 hivi. Kabla ya hapo balbu nyingi zilikuwa zikidumu saa 1,500 na kuendelea. Kampuni iliyouza balbu ya kudumu mno ilitozwa faini na wenzake. Wanatuambia siku zote kwamba mashindano ya biashara humlinda mnunuzi. Ni kweli, lakini pale tu wanaposhindana. Wakipatana, mnunuzi hana mlinzi.

La tatu, mwenye kidogo ndiye anayelipa bei kubwa. Asiyekuwa na fedha za kununua kilo 2 za sukari hununua ile ya kufungwa kwenye karatasi. Mafuta hununua ya kupimiwa, sabuni hununua kipande. Kadogo imemsaidia mtu asilale njaa, na mwenye kibanda si mwizi, naye ananunua kwa bei ya juu. Lakini jioni moja chukueni kalamu, jumlisheni vipande vyote vya mwezi mzima, mlinganishe na bei ya mfuko mzima.

Mambo haya matatu yote humpeleka mtu mlango mmoja, mlango wa deni. Mkopo wa simu uliojulikana sana kwetu, M-Shwari, ulipoanza Novemba 2012 ulikuwa na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Yasikika ndogo. Lakini tuseme mwenzetu amekopa shilingi 2,000. Analipa ada ya shilingi 150. Mwisho wa mwezi akilipa, mfuko umekauka, anakopa tena. Akifanya hivyo mwaka mzima amelipa ada ya shilingi 1,800, na shilingi 2,000 za watu bado hajazimaliza. Baadaye yakaja makampuni mengine mengi ya kukopesha kwa simu, na mengine yalikuwa yakiwapigia simu jamaa na rafiki za mdaiwa ili kumwaibisha. Ilibidi sheria ibadilishwe mwaka 2021, na kanuni zitolewe mwaka 2022, ndipo Benki Kuu ikapata nguvu ya kuwapa leseni na kuwasimamia. Waliosema kukopa harusi, kulipa matanga, hawakuwa wamekosea.

Ndugu wanachama, sasa nafika penye kiini cha maneno yangu. Mwaweza kuniuliza, deni la mtu binafsi linahusu nini chama? Linahusu sana. Tuseme majadiliano yamevunjika na chama kimetoa taarifa ya mgomo kwa njia ya sheria. Asiye na deni anauliza, je, madai yetu ni ya haki? Mwenye deni anauliza, wiki moja bila mshahara nitafanyaje? Huyu si msaliti wala mwoga. Amefungwa. Nyumbani mwake yuko nyapara wa pili, asiyeandikwa katika mkataba wowote, anayemwamuru aende kazini hata pale ambapo haki inamwambia akae. Tajiri anajua jambo hilo, naye anaweza kungoja mpaka tuchoke.

Tukumbuke tena wafanya kazi wa Ford. Walipata dola 5, wakapata na magari, lakini Ford alituma watu wake kuingia majumbani mwao kuangalia wanavyoishi na wanavyotumia mshahara. Chama chao hakukitambua mpaka mwaka 1941, baada ya mgomo. Kununua ni jambo moja, na kuwa na sauti ni jambo jingine. La pili halipatikani dukani.

Basi tufanye nini? Iko mifano. Mwaka 1844 huko Rochdale, Uingereza, wafanya kazi 28, wakiwamo wafumaji, walichanga akiba wakafungua duka lao wenyewe. Walianza na siagi, sukari, unga na mishumaa michache. Kanuni zao zilikuwa nyepesi: bidhaa safi, vipimo vya haki, kila mwanachama kura moja, na faida igawanywe kwa wanunuzi kwa kadiri walivyonunua. Jambo jingine walilolishikilia ni kwamba hawakuuza kwa mkopo. Walijua deni la dukani lilikuwa limewafanyia nini wazee wao. Hawakufuta soko. Waliingia sokoni, lakini waliingia pamoja.

Hapa Kenya tunavyo vyama vya akiba na mikopo, na vingi vimezoea kutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa deni lililobaki. Kwa shilingi 2,000 zile zile, mwezi wa kwanza ni shilingi 20, na faida hurudi kwa wanachama. Havina utakatifu, viko vilivyoliwa na viongozi wake. Kwa hiyo tuhudhurie mikutano mikuu, tudai hesabu zilizokaguliwa. Pia Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inasema makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Wajumbe wa kazini wahakikishe kila mwanachama anaisoma karatasi yake ya mshahara na kuona kwamba theluthi yake imebaki. Lakini fahamuni kwamba sheria hiyo inalinda makato ya kwenye karatasi tu. Mkopo wa simu hauko humo, unangoja nje ya lango.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naliomba tawi lijadili maazimio haya matatu. Kwanza, katika majadiliano yajayo tudai nyongeza inayofuata kupanda kwa bei, maana bila mshahara wa kutosha maneno ya akiba ni dhihaka. Pili, kila idara iwe na kikundi cha kununua unga, sukari, mafuta na sabuni kwa jumla, kwa fedha taslimu, na hesabu zake zibandikwe ukutani. Tatu, tawi lianze mfuko wa dharura, ili mwanachama aliyefiwa au aliyeuguliwa apite kwetu kwanza kabla hajaishika simu kukopa.

Nami nawasihi, mkifika nyumbani yazungumzeni haya na wake zenu na waume zenu. Nyongeza tuliyoipata kwa miezi mingi ya kubishana mezani yaweza kupotea kwa jioni moja dukani, na anayeijua hesabu ya jikoni mara nyingi hayumo katika mkutano huu.

Maswali yaje. Umoja ni nguvu.