Boza la Maji Analipa Nani?



Vijana wenzangu, nitaanza na tende. Ramadhani iliyopita, katika msikiti mmoja upande wetu huu wa Kilimani, mwaniaji wa kiti fulani alileta katoni za tende. Kila pakiti ilikuwa na picha yake akitabasamu, kwa hivyo tulifuturu tukiangaliana naye. Baada ya Magharibi akapewa kipaza sauti, akasema anawapenda sana Waislamu, akaacha bahasha, na kabla ya Isha alikuwa ashaenda. Hakuna aliyemuuliza swali. Mimi pia sikuuliza, na tende nilikula.

Kesho yake nikamwendea mzee mmoja wa kamati, kwa adabu, nikamuuliza mbona tunawapa hawa watu kipaza sauti. Akanijibu: "Mwanangu, boza la maji unalipa wewe?" Nikanyamaza, kwa sababu silipi. Mnaijua Kilimani: ghorofa zinapanda kila mwezi na mfereji hautoi kitu. Tunatawadha kwa maji ya kununua.

Tukiwa vijana, kazi yetu kubwa mtandaoni ni kuulaumu upinzani. Na una haki ya kulaumiwa. Juni 25, 2024 tulikuwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Katika maandamano ya mwaka ule, kwa hesabu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, watu 60 hivi waliuawa. Haukupita hata mwezi mmoja kamili, Julai 24, majina ya wakubwa wanne wa ODM yakasomwa kwa Baraza la Mawaziri, Hassan Joho akiwa mmoja wao. Machi 7, 2025 mapatano yakatiwa saini pale KICC. Waliobaki nje wametupatia neno moja: Wantam. Linaimbika vizuri, nami nimeliimba. Lakini Wantam inaniambia nani aondoke, haijaniambia kodi ya nyumba Kawangware itakuwaje, wala kijana wa Kiislamu aliyechukuliwa usiku na watu wasiovaa sare atatafutwa na nani.

Chama kisicho na la kusema kinajaza pengo kwa pesa. Na hapa kwetu pesa ya kampeni haina mlinzi. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ilipitishwa 2013. Kabla ya uchaguzi wa 2017, wabunge wakaiahirisha. Agosti 2021 IEBC ikaweka kikomo, mgombea urais asipitishe kama shilingi bilioni 4.4, Bunge likakataa kanuni zake, tukaenda 2022 bila kikomo. Serikali na upinzani, ambao hawakubaliani hata juu ya siku ya mwezi, kwa hili walikuwa kitu kimoja! Kampuni inayotaka tenda inaweza kumlipia mgombea helikopta, na mimi na wewe tusijue jina lake.

Kuna watakaosema, ndugu, hii ni Afrika, siasa ni pesa. Basi twende kwa wenye pesa. Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya huko mwaka 2010, makampuni na matajiri wanaweza kumwaga pesa bila kikomo kupitia kamati zinazojiita huru. Elon Musk alitumia zaidi ya dola milioni 250 mwaka 2024 kumsaidia Trump na chama chake. Lakini Kamala Harris naye alichangisha zaidi ya bilioni 1 na akashindwa. Chama chake kilikuwa na pesa. Mtu wa kawaida alikuwa anauliza bei ya mayai, akijibiwa kwamba Trump ni hatari.

Novemba ile ile, mbunge mmoja wa jimbo la New York, Muislamu aliyezaliwa Kampala 1991, alishika kipaza sauti akaenda barabarani Queens na Bronx kuwauliza watu kwa nini walimpigia Trump kura au walikaa nyumbani. Wakamwambia: kodi, chakula, Gaza. Zohran Mamdani alizijenga kampeni zake juu ya majibu hayo: kodi isipande, basi liwe la bure, watoto walelewe bila malipo. Kundi lililomuunga mkono Andrew Cuomo lilikuwa na zaidi ya dola milioni 20. Jiji lile lina utaratibu wake: mkaazi akichanga dola 1, hazina ya jiji inaongeza 8, na mgombea anakubali kikomo cha matumizi. Mamdani alifika kikomo mapema, akawaambia watu waache kumtumia pesa. Juni 2025 akamshinda Cuomo, Novemba akamshinda tena.

Sisemi tumpate Mamdani wetu. Hazina yetu haitaniongezea bob 8 juu ya bob yangu. Nasema yeye aliuliza kwanza, na alilipiwa na wale aliowauliza.

Na msiseme kurudisha pesa haiwezekani. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa pesa alizotoa Rais Ruto katika kanisa la Soweto. Wao wana bili kama sisi. Sisi tumefundishwa chuoni tangu tukiwa watoto kwamba mtoa rushwa na mpokeaji wako sawa, halafu bahasha tunaiitia takbir.

Nimerudi kwa yule mzee, nikauliza boza ni pesa ngapi. Tukagawa: vijana 200 wakitoa bob 100 kila mwezi, maji ya wudhu yanatosha na kidogo kinabaki. Akacheka, akasema ataamini akiona miezi mitatu. Sharti letu amelikubali: miezi mitatu ikitimia, mwaniaji yeyote atakayekuja kabla ya Agosti 2027 ataswali kama sisi, na akitaka kipaza sauti atajibu maswali kwanza.

Maswali yenyewe bado hatujayaandika. Karatasi ziko mlangoni penye viatu, na upande wa kina dada ziko kwa ngazi. Andika jambo moja tu linalokuumiza, na usiandike jina la chama. Daftari ya mchango iko na mzee mwenyewe. Mimi ni nambari ya kwanza, nimebakisha 199.

Wabillahi tawfiq.