Kabla Hujalipia Gitaa la Besi

Msikilizaji, gitaa la besi la bei nafuu si lazima liwe bovu. Rangi inayong'aa isikuzuge. Anza na shingo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama katikati: panatakiwa pawe na upenyo mdogo, kama unene wa kadi. Ukiwa mkubwa, shingo imepinda, na mara nyingi fundi huinyoosha kwa kukaza chuma kilichomo ndani yake. Lakini shingo iliyojisokota, hiyo iache dukani.

Piga kila uzi freti kwa freti, taratibu, usikilize mkwaruzo. Kwenye freti ya 12, ambayo ni nusu ya uzi, gusa bila kubonyeza upige, halafu bonyeza upige tena. Sauti zilingane. Zikipishana kidogo, daraja hurekebishwa.

Usinunue bila kulichomeka kwenye amplifaya. Vitufe vikikwaruza, aghalabu ni vumbi tu. Nyuzi zenye kutu ni sababu halali ya kuomba upunguziwe, maana nyuzi za besi ni ghali kuliko za gitaa la kawaida.