Mkutano wa Kijiji Ndiyo Bunge Letu: Niliyowaambia Vijana Nyalikungu

(Haya ni maneno niliyozungumza na vijana wa chama mjini Maswa, kata ya Nyalikungu, kuelekea uchaguzi wa serikali za mitaa wa Desemba 14, 2014. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza machache.)

  

Nawashukuru mliotoka vijijini kwa baiskeli. Najua msimu huu watu wanasafisha mashamba wanasubiri mvua, kwa hiyo siku moja ya kijana wa Maswa ina thamani yake. Sitawachosha.

Naomba mikono. Nani hapa anataka ubunge? Haya, naiona mingi. Udiwani? Bado mnanyoosha. Na ujumbe wa halmashauri ya kijiji? Mmoja, wawili... wanne. Jamani! Umati wote huu, wanne?

Hapo ndipo tatizo letu lilipo. Mwaka 2010 wilaya hii ilifanya maajabu. Maswa Magharibi na Maswa Mashariki zote mbili zilipeleka wabunge wa chama chetu Dodoma, na jirani zetu wa Meatu nao vilevile. Tukaimba, tukacheza. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, 2009, vijiji tulikuwa tumewaachia wenyewe. Matokeo yake mbunge anauliza maswali Dodoma, huku kijijini kwako kitabu cha mapato kiko kwenye begi la mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali hata moja.

Tuisome sheria kidogo, msisinzie. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 inasema chombo chenye madaraka ya juu kabisa kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti hajatajwa hapo, mtendaji hajatajwa, na DC ndiyo kabisa. Mkutano mkuu ni nani? Ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Wewe, mama yako, yule muuza dengu, wote. Mkutano huo unatakiwa ukae angalau mara moja kila miezi mitatu, usikilize taarifa ya mapato na matumizi. Ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, wajumbe 15 hadi 25, na angalau robo yao wawe wanawake. Na huo huo ndio unaoweza kuwaondoa.

Sasa niambieni, kijijini kwenu mkutano wa mwisho ulikaa lini? ... Mnacheka. Mimi sicheki.

Kuna kijiji kimoja sitakitaja, wenyewe mpo hapa. Nilikwenda nikaomba kuona muhtasari wa mkutano uliopitisha mchango wa maabara. Nikaambiwa karani amesafiri. Nikarudi, daftari limelowa mvua. Mara ya tatu nikaambiwa, "Kijana, wewe ni wa chama gani?" Basi, nikajua muhtasari haupo.

Hili la maabara nataka tulielewane vizuri, maana wenzetu watasema tunapinga watoto kusoma sayansi. Rais ameagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, mwisho ni Novemba hii. Maabara ni kitu kizuri. Mtoto wa Maswa anasoma kemia miaka minne hajashika hata chupa ya maabara, hiyo ni aibu. Lakini agizo limetoka juu, fedha hazikushuka nalo, na mzigo umeishia kwa mwananchi. Mgambo anapita nyumba kwa nyumba, asiye na hela anachukuliwa kuku au mbuzi. Kijiji kikitaka kumlazimisha mtu kwa sheria ndogo, halmashauri ya kijiji inaitunga, inaipeleka kwenye mkutano mkuu wananchi waijadili, kisha halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Hiyo ndiyo njia. Mgambo mwenye rungu na orodha ya majina hayumo kwenye njia hiyo.

Na fedha zipo. Mwaka 2003 serikali ilipofuta kodi ya maendeleo na ushuru mdogo mdogo, iliahidi ruzuku ya kufidia halmashauri, na sehemu ya ruzuku hiyo, asilimia 20, inatakiwa ishuke vijijini. Ripoti za CAG zimetaja mara kadhaa halmashauri ambazo hazishushi. Vilevile kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 5 kwa vikundi vya wanawake, 5 kwa vijana. Nani hapa kikundi chake kimewahi kuiona? Mjumbe wa kijiji anayejua namba hizi anamuuliza diwani, diwani anauliza kwenye baraza la madiwani, na mkurugenzi inabidi ajibu. Asiyejua anapiga makofi tu.

Tuje kwenye pamba, maana bila pamba hakuna Simiyu. Ushuru wa mazao anaulipa mnunuzi. Nairudia hii: mnunuzi! Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa imemtwika yeye, usiozidi asilimia 5 ya bei ya shambani. Ukiona umekatwa mkulima pale kwenye mizani eti ni ushuru, uliza risiti ni ya nani.

Na mizani yenyewe siyo hadithi mpya. Wazee wetu wa Usukumani kwenye miaka ya 50 walichoka kuibiwa kwenye mizani na walanguzi. Hawakusubiri mbunge, hata wabunge wa kuwachagua hawakuwapo. Walijiunga kijiji kwa kijiji wapime pamba yao wenyewe, na mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa kiongozi wake. Kikawa kati ya vyama vikubwa vya ushirika Afrika nzima. Wakulima hao, wengi hawakuwa na darasa la nne.

Kilichofuata mnakijua, au mnatakiwa mkijue. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa. Ndani ya miaka minne mkulima alinyang'anywa baraza lake na mizani yake. Vilirudishwa miaka ya 80, kwa karatasi. Watu walikuwa wameshazoea kuambiwa. Mimi naamini umaskini wetu mwingi umeanzia hapo kuliko kwenye ukame, ingawa ukame nao upo, sikatai.

Sasa lawama kidogo kwetu sisi. Tunapenda helikopta. Tunapenda mkutano wenye spika kubwa na vumbi. Mkutano wa kijiji wa Jumanne asubuhi, ajenda ni ukarabati wa lambo, kijana wetu hayupo, yuko kijiweni anachambua siasa za Dar es Salaam. Ardhi ya malisho ikigawiwa siku hiyo, atakuja kulalamika kwetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Lakini idhini ikitolewa na watu 30 waliokuja wakati wewe hukuja, utamshtaki nani?

Kwa hiyo leo nataka majina. Kugombea lazima uwe na miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, uwe mkazi wa pale, na chama kikudhamini. Kujaza fomu, andika majina yako kama unavyofahamika, usifute wala kuchorachora, maana tutawekewa pingamizi kwa kosa la herufi moja. Akina dada, nafasi zenu msimwachie mtu. Wa hapa mjini mtagombea vitongoji, wa vijijini mpeane zamu, kila kijiji kisiwe na wagombea watatu wa uenyekiti halafu nafasi za ujumbe zibaki tupu.

Na nyie wanne mlionyoosha mkono mwanzo, njooni mbele mkae na katibu, mtaanza kuandikwa. Wengine foleni nyuma yao. Maswali nitayachukua huku wakiandika.