Ubunifu wa Tiba si Mashine Peke Yake

Mama mjamzito anayekutwa na virusi vya UKIMWI katika Kituo cha Afya cha Area 18 mjini Lilongwe, au katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wilayani Dowa, hangojei kwanza kipimo cha kinga ya mwili ndipo apewe dawa. Leo jambo hilo laonekana la kawaida. Mwaka 2010 halikuwa hivyo.

Mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba zipimwe kwanza chembe za kinga katika damu ya mama, ndipo iamuliwe kama atatumia dawa kwa muda au maisha yake yote. Maelekezo hayo yaliifaa nchi yenye mashine na mafundi wa kutosha. Nchini Malawi mashine hizo zilikuwa chache, na vijiji vingi vilikuwa mbali nazo.

Wizara ya Afya ya Malawi haikukaa kungoja mashine. Julai 2011 ilianzisha utaratibu wake yenyewe, ulioitwa B+: kila mwenye virusi aliye mjamzito au anayenyonyesha aanze dawa mara moja, wala asiziache tena. Kazi hiyo ilifanywa hata na wauguzi wa vituo vidogo. Katika robo ya pili ya mwaka 2011 walioanza dawa walikuwa 1,257. Katika robo ya tatu ya mwaka 2012 walifikia 10,663. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaupendekeza utaratibu huo, hasa kwa nchi ambazo ugonjwa umeenea.

Lakini kamba hukatikia pembamba. Miongoni mwa walioanza mwanzoni, asilimia 77 ndio waliokuwa wakiendelea na dawa baada ya miezi 12. Wako wanawake walioogopa kuwaambia waume zao, na wako walioshindwa na nauli.

Hapo ndipo askari wa jeshi na polisi wanapohusika. Askari huhamishwa, na familia humfuata. Mkewe akihama bila kitabu chake cha afya, dawa huweza kukatika na virusi vikapata nguvu upya. Askari anajua kwamba lindo haliachwi hata usiku mmoja. Basi na apimwe yeye mwenyewe, amsindikize mkewe kliniki, na ahakikishe kitabu na dawa vimo mkononi kabla mizigo haijapakiwa. Nchi changa imeonyesha kwamba yaweza kubuni tiba. Kuilinda tiba hiyo ni wajibu wa kila nyumba, na nyumba za kambini zimo.