Ufunguo Uko kwa Nani?



Ukiingia leo katika biro kubwa yoyote ya mji huu wa Lubumbashi, iwe ya kampuni ya mgodi, ya serikali au ya shirika la misaada, kabla hujafika kwenye ngazi utasikia: “Mama, acha kadi hapa.” Unatoa kadi yako ya mpiga kura. Zamu, mlinzi wa lango, anaitia katika sanduku pamoja na nyingine, anakupa kipande cha plastiki chenye namba, halafu anakusogezea kaye, lile daftari la wageni, uandike jina, simu, na mtu unayekuja kumwona. Juu ya jina lako yamo majina ya wote waliotangulia asubuhi hiyo, na simu zao. Mwenye macho anasoma.

Wakurugenzi wengi wanaamini kwamba hapo usalama umekamilika. Mimi nasema usalama huo unalinda meza na kompyuta za mwenye nyumba. Mama aliyeacha jina lake langoni hana anayemlinda.

Tuangalie kwanza kile kinachoachwa. Kwa miaka mingi raia wa nchi yetu wameishi bila kitambulisho cha taifa mkononi, na kadi inayotolewa na CENI, tume ya uchaguzi, ndiyo imeshika nafasi yake. Kwa kadi hiyo unafungua akaunti benki, unasajili laini ya simu, unapokea fedha zilizotumwa kutoka Kolwezi au Kinshasa. Ina picha yako, tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi, anwani, na tena ina asili yako, hadi mkoa na teritori. Hapa Katanga asili ya mtu si jambo la kuchezea. Wazee wanaokumbuka mwaka 1992 na 1993 wanajua: Wakasai kwa maelfu walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala stesheni wakingoja treni, wengine wakifia hapo hapo. Katika majira kama yale, orodha yenye jina, mtaa na asili inaweza kuua. Ndiyo maana sanduku la kadi lililo wazi mbele ya kila apitaye linanitia hofu.

Na kaye ikijaa, inakwenda wapi? Ukiuliza swali hilo langoni, mara nyingi unajibiwa kwa mabega tu. Katika mji huu karatasi ya zamani haitupwi, inafunga karanga na maandazi sokoni. Majina ya wageni, fotokopi za kadi, dosye za wafanyakazi, hata karatasi za wagonjwa: kama hakuna aliyeandika zichomwe lini, na nani asimame pale zikichomwa, siku moja zitatokea mlango wa nyuma.

Hatari nyingine ni kuweka kila kitu mahali pamoja. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 2018, siku 10 kabla ya tarehe iliyopangwa ya uchaguzi, moto uliteketeza bohari ya CENI pale Gombe, Kinshasa. Mashine za kupigia kura zipatazo 8,000 ziliungua, kati ya zaidi ya 10,000 zilizotengwa kwa mji mkuu. Kura ikasogezwa hadi tarehe 30. Hapa kwetu, kwa jinsi umeme wa SNEL unavyokatika, biro nyingi zina jenereta. Shirika lenye nakala moja tu ya kazi zake zote, katika chumba kinachopakana na madumu ya mazutu, liufikirie moto ule.

Sheria ipo. Katiba ya 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha ya maisha yake na siri ya mawasiliano yake. Tarehe 13 Machi 2023 ikatoka amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010, ile Kanuni ya Dijitali, na ndani yake data za watu zina sehemu yake. Anayekusanya habari zako awe na sababu, akuambie sababu hiyo, azilinde, asizishike kupita muda unaohitajika. Lakini sheria hiyo imeandikwa kwa Kifaransa cha wanasheria, na anayeshika kadi zetu kila siku ni zamu, ambaye hakuna aliyemsomea hata mstari mmoja.

Huyo zamu tumtazame vizuri, maana tunampita kama ukuta. Analala nje usiku kucha. Anajua bosi anasafiri lini, gari gani linaleta mishahara, nani anabaki ndani baada ya kazi, dirisha gani halifungi. Ukimpa mtu huyo mshahara usiomfikisha tarehe 15, umeweka siri zako zote mkononi mwa mwenye njaa, kisha ukiibiwa unamkamata yeye kwanza. Alipwe. Apewe maagizo yaliyoandikwa kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, yabandikwe ndani ya kibanda chake. Kadi aitazame, airudishe kwa mwenyewe. Kila mgeni aandike kwenye kikaratasi chake, kiingie katika sanduku lililofungwa. Ukiacha mshahara, hayo mengine yote hayagharimu hata bei ya kamera moja.

Ila wako wakubwa watakaoyapenda mno maneno haya ya siri, na kwao nina neno. Mwaka 2020 mahakama ya Kinshasa iliwahukumu kifo, bila wao kuwepo, Gradi Koko na Navy Malela, wafanyakazi wa zamani wa benki. Walikuwa wametoa hati ambazo, kwa ripoti ya mashirika ya PPLAAF na Global Witness, zilihusu njia za kukwepa vikwazo vya Marekani dhidi ya Dan Gertler, mfanyabiashara wa madini, naye amekana tuhuma hizo. Kulinda data za mteja ni wajibu. Kuwatisha kwa kifo watu walioona jambo wakalisema ni dhuluma. Shirika linaloandika kanuni zake za usalama liandike pia mfanyakazi apeleke wapi anachokiona, bila kupoteza kazi wala uhai.

Mpaka hapa nimesema juu ya karatasi. Kuna taasisi ambazo kile zinachohifadhi ni watu. Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walishambulia gereza la Kasapa, hapa mjini kwetu, wafungwa karibu 1,000 wakatoroka, akiwemo Gédéon Kyungu Mutanga, aliyehukumiwa kifo mwaka 2009 kwa jinai dhidi ya binadamu. Tangu siku ile Kasapa ikitajwa tunafikiria ukuta wa nje na askari wa nje. Lakini mwaka 2020 hatari ilitoka ndani. Tarehe 25 Septemba wafungwa waliasi, moto ukawaka, upande wa wanawake ukaungua, na kwa siku tatu wanawake na wasichana walibakwa tena na tena na wafungwa wanaume, serikali ikiwa nje ya lango. Siku tatu, ndugu zangu, katika mji wenye gavana, jeshi na polisi. Gereza lilikuwa limebeba watu zaidi ya mara mbili ya idadi lililojengewa, na ndani ya magereza yetu utaratibu wa kila siku umeachiwa makapita, yaani wafungwa wanaowasimamia wafungwa wenzao. Kwa maoni yangu, waliopanga ulinzi wa Kasapa waliogopa kutoroka tu. Hawakujiuliza wanawake wale watapita wapi siku ya moto, na nani ana amri ya kuwafungulia.

Nawauliza basi wakuu wa Kasapa, wa hospitali zetu na wa shule zenye mabweni. Usiku wa leo, saa nane, moto ukiwaka, ufunguo wa upande wa wanawake uko kwa nani, na jina la mtu huyo limeandikwa wapi?