Pigo la kichwa lisilotoka damu

Maneno kwa familia zilizohama na viongozi wao, Marabo, jimbo la Ituri



Leo tunataka kuzungumza juu ya kichwa cha mtu. Tangu vita vya 1999 hadi 2003, na tena tangu mapigano yaliyoanza upya Djugu mwishoni mwa 2017, katika mikutano ya amani tunahesabu wafu, nyumba zilizochomwa na ng'ombe walioibiwa. Aliyepigwa kitako cha bunduki kichwani akasimama tena hahesabiwi, kwa sababu hana kidonda cha kuonyesha. Lakini anaweza kuwa mgonjwa, na ugonjwa wake unaingia nyumbani na katika ujirani.

Ubongo ni kitu laini kinachoelea katika maji ndani ya fuvu. Kichwa kikipigwa, au mtu akianguka kutoka pikipiki katika barabara ya Bunia–Komanda, ubongo unatikisika na kujipinda. Nyuzi nyembamba za neva zinavutwa. Chumvi za ndani na za nje ya chembe zinapoteza mahali pake. Ubongo unahitaji nguvu nyingi kuzirudisha, na wakati huohuo damu inayouletea nguvu hiyo inaweza kupungua. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Wengi wanaoupata hawazimii hata kidogo, na picha ya hospitali mara nyingi haionyeshi kitu.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchukia mwanga na kelele, usingizi kuharibika, kusahau, na hasira ya haraka. Watu wazima wengi hupona katika wiki 2 hivi, watoto katika wiki 4. Wengine huchukua miezi.

Hapo ndipo tunakosana. Mume anayepayuka usiku tunasema amebadilika tabia. Mtoto asiyeshika somo tunamwita mvivu na kumpiga, pengine kichwani tena. Mama anayesahau tunasema amerogwa. Tuulize kwanza: je, alipigwa kichwa? Alianguka wakati wa kukimbia? Ni kweli kwamba hofu na huzuni ya vita pia huleta usingizi mbaya na hasira, na mtu mmoja anaweza kubeba yote mawili. Ndiyo sababu mhudumu wa afya lazima amsikilize.

Matunzo yake hayahitaji fedha nyingi. Siku 1 au 2 apumzike, asinywe pombe, na mtu akae naye usiku wa kwanza. Baadaye atembee kidogo, afanye kazi nyepesi, aongeze polepole. Asirudi haraka kwenye mpira, pikipiki au machimbo ya dhahabu, kwa maana pigo la pili kabla ya kupona ni hatari zaidi.

Mpelekeni hospitali bila kungoja asubuhi akitapika tena na tena, akipata kifafa, kichwa kikizidi kuuma, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukilegea, maneno yakivurugika, damu au maji yakitoka sikioni au puani, au asipoamka vizuri. Mtoto mchanga akikataa kunyonya baada ya kuanguka, msingoje.

Mapigo yanayorudiwa miaka mingi yanaweza kuacha alama ya kudumu. Daktari Bennet Omalu alizaliwa Nigeria mwaka 1968, wakati wa vita vya Biafra, familia yake ikiwa imekimbia nyumbani kama ninyi. Mwaka 2002, huko Marekani, alipima ubongo wa marehemu Mike Webster, mchezaji wa mpira wa Kimarekani. Kwa macho ubongo ulionekana mzima. Chini ya darubini aliona uharibifu, akautangaza mwaka 2005. Wakubwa wa mchezo huo walimpinga, na miaka ilipita kabla ya kukubali. Mtoto wa wakimbizi aliwafundisha wakubwa kuamini kidonda kisichoonekana.

Sasa tunasema na ninyi viongozi. Katika barza, shahidi aliyepigwa kichwa anaweza kusahau siku, au kusimulia leo hivi na kesho vingine. Msiharakishe kumwita mwongo. Mpeni muda, mahali patulivu, maswali mafupi, na mwacheni apumzike. Kumbukumbu iliyotikisika haitoshi kumhukumu yeye, na haitoshi peke yake kumhukumu jirani yake. Tafuteni na mashahidi wengine. Hukumu iliyosimama juu ya ushahidi mbovu ndiyo inayozaa kisasi.

Tuna mambo ya kuanza nayo wiki hii. Wanamoto wavae kofia ngumu na wampe abiria yake. Wazazi na walimu wasimpige mtoto kichwani kwa sababu yoyote. Kila kiongozi wa kambi awaulize watu wake juu ya pigo la kichwa anapoandika majina ya wagonjwa.

Aliyenusurika panga na risasi asipotezwe na ukimya wetu. Tumwangalie, tumvumilie, tumpeleke kwa mganga wa hospitali. Hiyo nayo ni kazi ya amani.